Hema la Kukhu

Ijumaa, 11 Aprili 2025

Kukhu amefika!

Basi liliingia saa kumi jioni, limechelewa saa tatu, vioo vyote vimejaa vumbi. Nilimwona kabla hajaniona. Bibi yangu mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kitambaa cha kijani kichwani, jogoo kwapani. Jogoo mzima — kutoka Kimilili! Kondakta alilalamika kwamba jogoo huyo amewika kwenye kila kizuizi cha polisi, mpaka askari mmoja akauliza kama ana tikiti. Kukhu akasema jogoo amelipa kwa kuimba, na kondakta je, yeye amewaimbia abiria nini tangu Kitale?

Baba alikuwa amesimama nami stendi. Honi iliposikika akanipa pesa za boda, akaniambia nimsalimie mgeni wetu, kisha akatoweka. Nilimwona baadaye nyuma ya duka la simiti, akichungulia. Baba yangu! Fundi wa visima, mtu anayeshuka shimo la mita ishirini bila kutetemeka.

Lakini si woga. Ni heshima. Kwetu Wabukusu mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawalali chini ya paa moja. Nimeyajua hayo tangu utotoni kama ninavyojua milima ya Ulaya — kwa kusomewa tu. Kukhu hajawahi kutujia huku Turkana.

Sasa kichekesho chenyewe. Nyumba yetu ya serikali ina vyumba viwili. Baba aliazima hema la kazini, lile wanalolalia wakichimba visima porini, akalisimamisha uani na kuingiza godoro lake. Yeye alale hemani, sisi na Kukhu tulale ndani. Mpango mzuri. Kukhu akasimama langoni, akaitazama nyumba, akatazama hema. Akasema nyumba ya mkwe ni ya mkwe hata mkwe akiwa mwezini. Yeye atalala hemani. Mama akasema basi na yeye atalala na mama yake. Mimi nikasema siwezi kuachwa.

Kwa hiyo usiku huu nyumba ya vyumba viwili ina mtu mmoja, na hema la mtu mmoja lina watu watatu. Karibu wanne! Mama anacheka mpaka anashika tumbo. Naandika kwa tochi ya simu. Kukhu anauliza ninaandika nini. Nimesema kazi ya shule.


Jumamosi, 12 Aprili

Jogoo ameamsha mtaa mzima. Bwana Omollo, jirani yetu wa idara ya mifugo, amesema juu ya ua kwamba yeye ni daktari wa wanyama na anaijua dawa ya jogoo huyo: vitunguu viwili na nyanya. Kukhu amempenda papo hapo.

Naandika mpango ili nisichanganyikiwe. Mama atajifungua Lodwar, kwa upasuaji, Jumanne tarehe 22. Jumatano hii Baba atatupeleka na gari la idara. Tutakaa Nawoitorong, katika nyumba ya wageni ya akina mama, tungoje siku karibu na hospitali. Daktari alisisitiza: uchungu usimkute Mama mbali na chumba cha upasuaji, kwa sababu ana mshono wa zamani.

Mshono ni wa miaka miwili iliyopita. Sitaki kuandika mengi. Barabara, mvua, wakafika wamechelewa. Mama alipona. Mtoto hakulia. Hilo ndilo neno walilolitumia nyumbani: hakulia. Kukhu hakuwepo. Baba aliona haya kumwita mama mkwe kwenye nyumba ya vyumba viwili, na Kukhu aliona haya kuja bila kuitwa. Safari hii Mama mwenyewe alipiga simu. Alimwambia mama yake, njoo, haya tutazikunja tuweke kando.

Nataka huyu alie. Alie mpaka Bwana Omollo alalamike!

Tumefunga mzigo. Leso nne, nepi, pamba, sabuni, beseni, flaski, shali nyeupe aliyoifuma Mama, kitabu cha kliniki. Kukhu ameongeza unga wa wimbi kilo tatu wa uji wa baada ya kujifungua. Mama akauliza kama anazaa mtoto au kikosi cha jeshi.

Jioni. Kukhu alijipaka mafuta mikononi akampapasa Mama tumbo. Alikuwa mkunga kwao kwa miaka thelathini. Alikuwa akiongea juu ya mchanga wa huku, jinsi ulivyo moto hata kivulini, kisha akanyamaza. Akabonyeza tena chini kabisa. Akanivuta nje ya hema.

Akasema, "Nenda umwambie baba yako kichwa kimeshuka, kimekaa nyongani. Huyu hatangoja Jumanne ile ya daktari. Twende kesho, au kesho kutwa."

Yeye mwenyewe hawezi kumwambia. Maneno ya mwili wa binti yake, kwa mkwe! Hayasemeki.

Nikaenda dirishani. Baba alikuwa akikaza parafujo za pampu ndogo mezani. Nilikuwa na sentensi yote tayari mdomoni. Nikasema, "Baba, Kukhu anaomba twende mapema."

Baba akasema Jumatano ni mapema, ni siku sita kabla. Akauliza kama kuna shida.

Nikasema hapana.

Hapana! Kichwa, nyonga, kushuka — ningeyatamka vipi mbele ya baba yangu? Na ndiyo mada niliyopata A kwenye bayolojia.

Nilimwambia Kukhu kwamba Baba amesikia. Si uongo. Alisikia nilichosema.


Jumapili, 13 Aprili — ya Matawi

Siku nzuri sana. Watu walikuja kanisani na matawi ya mikoma, mengine marefu kuliko wenye kuyabeba. Baba anaimba kwaya ya ibada ya Kiswahili, kwa hiyo Kukhu hakutaka kukaa pale akitazamana na kwaya. Rafiki yangu Nyariek akamchukua hadi ibada ya Kiarabu cha Juba pamoja na mama yake. Kukhu hakuelewa neno hata moja. Alirudi ametoka jasho, viatu mkononi. Alisema mahubiri yalikuwa marefu na ya maana, na kwamba akina mama wa Sudan Kusini wanajua kuruka.

Amejifunza pia kusalimia kwa Kiturkana. Namuar, anayetuuzia makaa, alimwambia "ejok" mara moja tu. Sasa Kukhu anasema ejok kwa kila mtu, kwa Baba Paroko, kwa mbuzi.

Mchana tulimla jogoo. Bwana Omollo alipata paja. Sahani zilipita mikononi mwangu: hemani, nyumbani, hemani, nyumbani. Kukhu alichagua firigisi mwenyewe, akaiweka juu ya ugali wa Baba, akafunika. Baba alipofunua aliitazama kama mtu aliyepewa cheti. Akaniambia niwaambie waliopika kwamba tangu ahamie Turkana hajala namna hii. Mama akasema, "Kumbe mimi miaka tisa ninapika nini?" Alisema kwa sauti ili asikie ng'ambo. Baba akafunga dirisha taratibu.

Nilijaribu tena leo. Nilifika mpaka mlangoni. Baba alikuwa na furaha, akinieleza jinsi tutakavyomchagulia mtoto jina. Sikutaka kuleta nyonga kwenye furaha hiyo.

Mama anatembea akijishika kiuno. Anasema ni godoro.


Jumatatu, 14 Aprili

Joto la kutisha. Hata kuku wa Namuar wamelala mdomo wazi.

Nyariek alikuja tusome. Hatukusoma. Nilimweleza yote. Alinitazama kana kwamba nimemwibia. Akaniambia kwao, kambini kwa wakimbizi, mtoto mdogo hutumwa na habari ya uchungu block nzima, anapiga kelele, na hakuna anayekufa kwa haya. "Si umwambie tu buda yako, Nekesa. Ama unangoja nani amwambie, mtoto mwenyewe?"

Nilicheka. Kisha sikucheka.

Niliamua: leo baada ya chakula. Kukhu alikuwa amempapasa Mama tena asubuhi, akasema mtoto atakuja kabla ya Ijumaa. Alinitazama kwa muda alipouliza kwa nini baba yangu hasogei. Nikasema ana kazi nyingi.

Baba amerudi gizani, amechoka, matope mpaka magotini. Kisima cha shule moja kimekufa pampu. Na gari kubwa, lile la milango minne tulilotegemea, linakwenda Nadapal mpakani kesho na mafundi wengine, halitarudi mpaka wiki ijayo. Amepewa pikapu ndogo. Akasema pole, kana kwamba ni kosa lake. Akalala mezani kabla sijamaliza kupakua.

Kesho asubuhi. Kesho kabisa.

Kuna upepo wa ajabu. Unanuka maji.


Jumanne, 15 Aprili

Mvua usiku kucha. Hema halivuji! Kukhu amemsifu Baba kwa hilo, amemsifia turubai.

Laga, lile korongo kavu la mchanga, inanguruma. Wiki iliyopita tulivuka mchanga huo kwa miguu tukienda kununua maembe. Sasa ni mto wa rangi ya chai ya maziwa, unabeba miti. Barabara ya Lodwar imefungwa. Baba ametoka kabla sijaamka, pampu zimezama.

Jumamosi barabara ilikuwa kavu. Jumapili kavu. Jumatatu kavu mpaka usiku. Na gari kubwa lilikuwa limeegeshwa hapa langoni.

Sina hamu ya kuandika.


Jumatano, 16 Aprili

Tulijaribu. Pikapu ina viti vitatu mbele. Baba usukani, Mama kwenye kiti cha mlangoni. Kukhu akakataa kiti cha tatu kabla hakijatajwa. Kuketi bega kwa bega na mkwe! Akapanda nyuma, juu ya godoro, mimi naye, turubai juu yetu. Bwana Omollo alitaka kumsaidia kupanda, akajibiwa kwamba yeye amepanda miti ya mizambarau kabla baba yake Omollo hajaota meno.

Tulifika kwenye laga ya kwanza. Maji mpaka kifuani mwa mtu. Malori kumi na mawili yanangoja. Tukarudi. Mama aliimba njiani. Nilimsikia kupitia kioo. Huimba akiogopa.

Saa tisa Sista Jepkoech wa zahanati alikuja nyumbani. Alimpima, akasikiliza mtoto, akasema moyo wake unapiga vizuri sana. Kisha akasema kile kile alichosema Kukhu, kwa maneno ya kitabu. Akamuuliza Mama kama mumewe anajua. Mama akasema bila shaka, Nekesa alimwambia Jumamosi.

Hapo nilitoka nje. Nilikaa nyuma ya choo pamoja na ndoo.

Nimechana ukurasa mmoja wa daftari hili. Ndiyo maana ukurasa wa nyuma umelegea. Nimeandika hivi, nainakili kwa kumbukumbu:

"Baba, naandika kwa sababu mdomo umekataa. Jumamosi Kukhu alinituma nikwambie kichwa cha mtoto kimeshuka nyongani na kwamba hatangoja tarehe 22. Nilisema tu twende mapema. Uliuliza kama kuna shida, nikasema hapana. Nilidanganya kwa haya. Leo Sista amesema ni hivyo hivyo. Naomba msamaha. Nekesa."

Niliuweka chini ya kifuniko cha sahani yake. Nikasimama nje ya dirisha kama mwizi.

Hakula. Alisoma mara mbili. Alitoka na tochi, akanikuta. Nilidhani atanipiga, ingawa hajawahi. Alikaa kwenye mtungi wa maji, akaniambia nikae. Alisema miaka miwili iliyopita yeye pia aliona haya. Alipaswa kumwita Kukhu, akaona haya kumwita. "Haya tumezirithi kwa watu wazuri," akasema. "Lakini ungeniambia Jumamosi, mama." Huniita mama anapokuwa na huzuni.

Kisha akainuka. Amekwenda kwa Bwana Omollo kuazima minyororo ya magurudumu na koleo. Maji yakipungua usiku, tunaondoka kabla ya mapambazuko. Amempigia dereva mmoja wa lori aliyelala ukingoni amwangalizie maji.

Kukhu ananiuliza baba yangu alikuwa akisema nini gizani. Nimemwambia ukweli wote, hata wa Jumamosi. Amenifunika na leso yake.


Alhamisi, 17 Aprili

Tumevuka laga ya kwanza saa kumi na moja u nusu! Maji magotini tu. Baba aliendesha kama anabeba mayai. Nyuma tulirushwa kidogo, Kukhu akanishika kwa mkono mmoja na unga wa wimbi kwa mkono wa pili. Jua limechomoza upande wa ziwa, kila kitu kimeoshwa. Nyasi! Nyasi za kijani kwenye mchanga, za siku mbili, fupi kama nywele za mtoto. Ngamia wanane barabarani hawataki kutupisha. Kukhu amewaambia ejok.

Saa 1.20 asubuhi. Mama amegonga kioo. Gari limesimama.

Nimeshuka kuuliza. Mama anatoa jasho, lakini anatabasamu. Amesema, "Mwambie Kukhu godoro halina makosa." Uchungu umeanza tangu tulipovuka. Alinyamaza ili Baba aendeshe vizuri.

Ukoo mzima wa watu wa kunyamaza!

Kukhu alishuka kama msichana. Alizunguka hadi mlango wa Mama, akamshika tumbo kupitia dirishani, akahesabu kimya. Lazima awe karibu naye. Karibu ni kile kiti cha katikati. Kukhu akasimama kando ya mlango. Baba naye, upande wa pili, akageuza uso kabisa akawa anatazama ngamia. Hakuna aliyesogea. Mama katikati yao, anapumua.

Kukhu akaniambia nimwambie baba yangu kwamba jambo hili lina utakaso wake, si la kuchezewa. Mbuzi mmoja na blanketi.

Nikasema, "Baba, ni mbuzi mmoja na blanketi."

Baba akawaambia ngamia, "Wawili. Na mablanketi mawili. Aingie."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka na kuugulia pamoja. Akasema wakimaliza mnada wamwambie. Kukhu akavuta kitambaa chake upande mmoja, kikamfunika uso kama pazia kati yake na Baba, akapanda. Mimi nimebaki nyuma peke yangu na mizigo. Dirisha dogo la kioo limefunguliwa ili wanifikie.

Baba amepata mtandao juu ya kilima. Amempigia Sista Jepkoech. Sista amesema tusisimame popote, na mtu mmoja aandike saa ya kila uchungu, daktari atataka kujua. Karatasi ni hii tu. Saa ni ya Baba, amenivalisha mkononi. Mambo mengine nitaandika katikati.

Saa 1.34.

Saa 1.46.

Saa 1.57. Mama anaimba.

Saa 2.08. Sista amepiga tena: ambulensi imetoka Lodwar, inakuja kutulaki. Baba amepiga honi ya furaha. Kukhu, kutoka nyuma ya kitambaa, ameniambia nimwambie aliye kwenye usukani kwamba honi haizalishi mtoto. Nikamwambia. Akasema niombe radhi. Nikaomba radhi. Wamekaa bega kwa bega na ninapitisha maneno dirishani kama chai!

Saa 2.17. Tumesimama. Laga nyingine, pana zaidi. Daraja limemegwa, magari yanapita kwenye mchepuko chini, na mchepuko uko ndani ya maji. Ng'ambo naona taa nyekundu inazunguka. Ambulensi. Imefika! Iko pale. Ningeweza kuitupia jiwe.

Saa 2.25. Madereva wamechomeka kijiti ukingoni kupima maji. Yanapungua, lakini polepole sana. Baba amevua viatu, ameingia. Yamemfika kiunoni, kisha juu zaidi. Amerudi. Pikapu haiwezi.

Saa 2.33. Kuna lori refu la ng'ombe, tupu. Dereva anaitwa Lokwang. Ndiye Baba aliyempigia jana usiku, kumbe amelala huku ukingoni. Anasema lori lake limevuka maji mabaya kuliko haya, ila mchanga wa chini ni mlaini, akikwama katikati amekwama. Anasema pia angengoja nusu saa. Ananiuliza mama ako sawa.

Saa 2.40. Uchungu huu umekuwa mrefu. Mama hakuimba.

Kukhu ameshuka. Ameufunga mlango wa pikapu nyuma yake, akasimama kwenye matope mbele ya Baba. Kitambaa kimeanguka mabegani, hakukiinua. Alimtazama. Usoni! Baba akajaribu kuangalia pembeni, akashindwa.

Kukhu akamwita kwa jina: "Morgan. Kichwa kiko chini kabisa na mshono unavuta. Nusu saa sina. Mbebe."

Yeye mwenyewe. Maneno yale yale, mchana kweupe, mbele ya madereva kumi.

Baba akasema, "Ndiyo, mama."

Amembeba. Nimebeba kitabu cha kliniki, shali na leso. Unga umebaki.

Saa 2.49. Tuko ndani ya lori. Kabini iko juu, naona laga yote. Lokwang ameketi usukani, anaongea na injini kwa Kiturkana. Baba ameegemea mlango, Mama amemlalia kifuani, Kukhu amepiga magoti chini mbele yao, mgongo kwenye dashibodi. Magoti ya Baba yanagusa mabega ya Kukhu. Mimi nimekunjwa kitandani pa dereva, nyuma yao, naandikia pajani. Mwandiko umeharibika, samahani.

Saa 2.53. Tumeingia majini.

Kukhu anasema mshike hapa, si hapo, chini, kwa kiganja. Baba anauliza kwa nguvu kiasi gani. Kukhu anasema kama unakaza pampu na hutaki kuivunja. Baba anasema hilo analiweza. Mama amewaambia wote wawili wanyamaze. Kisha amesema wasinyamaze.

Saa 2.57. Gurudumu la mbele limezama kidogo. Ambulensi imefungua mlango wa nyuma, watu wawili wenye machela wameingia majini kutulaki, maji magotini. Baba amemwambia Kukhu aegemee mguu wake asiumie mgongo. Kukhu ameegemea.

Wanaongea tu, huyu na huyu. Hakuna anayenigeukia nipeleke ujumbe.

Saa 2.59. Uchungu mwingine.